Nyumba Kumi na Moja Zisizokuwepo

Jedwali lile nililitengeneza mimi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimesema kwamba nilichora vijiti tu, na kwamba makundi, jumla na kosa lenyewe ni vya mwenzangu. Nilisema hivyo mbele ya mkubwa wetu wa kazi. Nilimwambia mume wangu, ambaye hakuwa ameniuliza. Kisha nikaendelea kusema kila mwaka mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sauti ya mtu anayelipwa kujua takwimu. Ni uongo. Mwenzangu alinakili nilichomsomea, kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi yake chini kwa sababu mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai.

Ilikuwa miaka ya vita. Reli ilikuwa imeota majani, njia ya Kibombo ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na chumvi ilifika Kindu kwa ndege, kwa bei ya vitu vinavyosafiri kwa ndege. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada niliyoimaliza wiki chache kabla mambo hayajaharibika, na nilikuwa nauza kwanga, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majani, mbele ya nyumba ya shangazi. Wanunuzi wangu walijua nina shahada. Niliwaambia mwenyewe, hata wale walioniomba majani zaidi ya kufungia.

Ndipo shirika moja la misaada likatafuta watu wawili wa kuhesabu nyumba. Tulichukuliwa mimi na kijana mmoja wa Kibombo, mwenye diploma ya sekondari, aliyekuwa karani katika ghala la mchele kabla ghala halijachomwa. Alikuwa amekimbilia mjini na mama yake na dada zake wanne. Tulilipwa kwa unga, maharage na mafuta. Kwangu malipo yale yalikuwa nafuu. Kwake, watu sita walikula kwa kalamu yake.

Kazi ilikuwa hivi. Tulipewa mitaa miwili, mmoja upande wetu wa mto na mwingine ng'ambo, Alunguli. Tungechagua nyumba sitini kwa kuruka, kila mlango wa kumi, tuulize swali moja tu: watu wangapi wanakula chungu kimoja hapa? Hiyo ndiyo ilikuwa sampuli. Majibu tungeyapanga katika jedwali, jedwali lingeondoka na ndege, na wakubwa huko mbali wangeamua magunia mangapi yaje kwa nyumba ndogo, za kati na kubwa.

Swali lilikuwa jepesi kwa aliyeliandika. Kwetu mama hahesabu watoto wake kwa mdomo. Mtoto aliyehesabiwa anapunguka, na miaka ile hakuna mama aliyetaka kujaribu kama ni kweli. Mwenzangu ndiye aliyepata njia. Tulibeba mfuko wa mahindi, tukamwomba mama aweke punje moja kwenye ungo kwa kila mtu wa chungu chake, kisha sisi tukahesabu punje. Mtu hakuhesabiwa, na Mungu hakukasirishwa. Nyumba moja tulirudia kazi mara mbili kwa sababu kuku alikula data ghafi yetu, na mwenye kuku akasema tumlipe kuku kwa kusumbuliwa.

Nyumba moja ya Alunguli naikumbuka zaidi. Mama aliketi na watoto wake watano. Akaweka punje sita, akatazama mlangoni, akaongeza ya saba.

"Na hii ya nani, mama?" nikauliza.

"Ya mutoto wangu."

"Iko wapi?"

"Iko kule anakokuwa."

Nikasema tunahesabu waliopo tu. Mama alimgeukia mwenzangu.

"Huyu dada yako, walimufundisha kuuliza hivi ao alizaliwa nayo?"

"Alisoma, mama," akasema mwenzangu. "Njo maana." Kisha akaandika saba kwenye fomu, na tena kwenye daftari lake.

Ndani ya mtumbwi, tukirudi, nilimwambia amehesabu matumaini. Akasema ameulizwa punje, ameandika punje. Nikamwambia chuo kikuu kingecheka.

"Dada, akirudi leo jioni huyo mutoto," akasema, "atakula nini? Sifuri yako?"

Nilipofika ofisini nilimsimulia mkubwa wetu jambo hilo kama kichekesho. Mkubwa, mtu wa Bukavu mwenye haraka, alicheka, na nadhani hapo ndipo alipojifunza kwamba yule mtu wa Kibombo anahesabu wasiokuwepo. Sikumaanisha ubaya. Nilitaka tu ionekane kwamba mimi ndiye mwenye shahada.

Sasa jedwali. Kwa msomaji aliyebahatika kutonikuta darasani: jedwali la marudio ni kitu kidogo sana. Una rundo la majibu. Unayagawa katika makundi. Unachukua jibu moja moja, unalichorea kijiti mbele ya kundi lake, kijiti cha tano unakilaza juu ya wenzake wanne ili macho yasichoke, kisha unahesabu. Idadi ya vijiti mbele ya kundi ndiyo marudio ya kundi hilo. Shuleni kwetu tunasema efektifu. Ukijumlisha marudio yote sharti upate idadi ile ile ya majibu uliyoanza nayo. Mtoto wa darasa la sita anaweza.

Asubuhi ile ndege ilikuwa itue saa nne na kuondoka saa tano. Mkubwa alisimama mlangoni akitazama saa. Nikagawa makundi haraka: nyumba za mtu mmoja hadi wanne, za wanne hadi saba, za saba na zaidi. Ukitazama haraka yanapendeza. Yamefuatana kama ngazi. Na badala ya kuchukua fomu moja moja, nilifanya ujanja wa kuokoa muda: nilipekua rundo lote nikitafuta kundi la kwanza, nikachora vijiti kwenye karatasi ya rasimu, nikapekua tena rundo lote kwa kundi la pili, kisha kwa la tatu. Kila nyumba ya watu wanne niliikuta mara mbili, na kila nyumba ya watu saba niliikuta mara mbili, na kila mara nikaipa kijiti, kwa ukarimu ambao hakuna mtu mwingine aliyewaonyesha wenye nyumba hizo mwaka ule.

Nilimsomea mwenzangu. Kumi na nne. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Aliandika kwenye karatasi safi, akapiga mstari kwa rula, akajumlisha. Kalamu ikasimama.

"Dada, iko sabini na moja."

"Basi andika."

"Si tulikuwa na sitini?"

Ningeweza kusema kwamba nilidhani fomu za akiba zimechanganyika humo. Zilikuwepo fomu za akiba, na nimejitetea nazo miaka mingi kichwani. Ukweli ni kwamba sikudhani chochote. Nilisikia mtu wa diploma ananirekebisha mbele ya mkubwa.

"Wewe ni wa mwandiko," nikamwambia, "mimi ni wa hesabu. Andika."

Mkubwa akacheka mlangoni. Mwenzangu akaandika sabini na moja, akatia sahihi. Karatasi na fomu vikaingia bahasha moja, bahasha ikaingia ndege.

Juma moja baadaye mkubwa aliitwa kwenye foni, ile redio ya mawasiliano iliyokuwa chumba cha nyuma. Alirudi uso umebadilika. Wakubwa wa mbali walikuwa wamehesabu fomu. Fomu sitini, nyumba sabini na moja. Nyumba kumi na moja zilitoka wapi? Nani alitaka kula magunia ya nyumba kumi na moja zisizokuwepo?

Nilijua mle mle, nikiwa bado nimesimama. Sijui kama nimewahi kuhesabu haraka namna ile tena maishani. Niliona makundi yangu matatu, nikaona nne imesimama milango miwili na saba imesimama milango miwili, na nikajua kwamba ningepewa rasimu yangu na dakika tano ningeonyesha kosa lote na kila mtu angecheka na kurudi kazini. Rasimu ilikuwa mezani kwangu, chini ya kikombe.

"Nani alitengeneza jedwali?" mkubwa akauliza.

Mwenzangu alinitazama. Hakunisonda kidole wala kufungua mdomo. Alinipa nafasi, kama mtu anavyomsogezea mgeni kiti.

"Mimi nilichora vijiti," nikasema. "Makundi na jumla viko kwa mwandiko wake."

Mkubwa hakuhitaji zaidi. Mtu anayehesabu watoto waliopotea msituni angeshindwaje kuhesabu nyumba za hewa? Alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, bila mfuko wake wa mwezi. Nilipofika kwa shangazi niliitumia rasimu kuwashia makaa ya mbabula, jiko letu dogo, na shangazi akanisifu kwamba leo nimewasha upesi.

Kindu ni mji mdogo ukiwa na aibu. Habari zilivuka mto kabla ya jioni. Nilimkuta gatini siku chache baadaye akingoja kuvuka, na wapiga kasia walikuwa wameshaanza kumtania.

"Papa, wewe mwenye nyumba kumi na moja, hupangishi hata moja?"

"Mupe ya mabati. Ya manyasi ameachia dada zake."

Alicheka nao. Aliponiona aliacha. Nikajifanya natafuta kitu ndani ya kikapu changu, nikakitafuta mpaka mtumbwi ukaondoka. Mwezi uliofuata nilisikia ameelekea Punia kwa miguu na watu wa mafuta ya mawese. Mama yake na dada zake walibaki nyuma, wakila kwa jasho la kupondea watu sombe, majani ya muhogo. Niliwahi kuwapelekea unga. Niliutuma kwa mkono wa mtu, nikasema usitaje jina.

Vita vikaisha kwa namna vinavyoisha kwetu, yaani vilihamia kwa watu wengine. Nilipata kazi ya kufundisha katika taasisi moja mjini hapa, na katika somo la pili la kila mwaka ninafika kwenye jedwali la marudio. Na kwa kuwa takwimu huwalaza watu, nilitafuta hadithi ya kuwaamsha. Nilikuwa nayo moja nzuri.

"Hapo zamani," ningeanza, "nilifanya kazi na bwana mmoja wa Kibombo. Mwandiko kama wa kitabu. Hesabu, sifuri." Ningechora makundi ubaoni: moja hadi nne, nne hadi saba, saba na zaidi. Ningeuliza, nyumba ya watu wanne inaingia wapi? Huku! Kule! Wangegombana. Ningengoja. Kisha ningewaambia kwamba bwana yule aliiweka kotekote, na kwa njia hiyo akajenga Kindu nyumba kumi na moja bila tofali hata moja. Kicheko kilikuja hapo kila mwaka, bila kukosa. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza kidogo kabla ya kusema "bila tofali" ili kiwe kikubwa zaidi. Wanafunzi wangu hawakusahau kamwe mipaka ya makundi. Nilijivunia mbinu yangu ya kufundishia. Hata niliiandikia makala.

Mwaka jana, gatini tena, nilikutana na mmoja wao. Sasa ni mtu mzima mwenye pikipiki na beji shingoni, akisimamia maandalizi ya uchunguzi wa kaya katika wilaya ya Punia.

"Mama profesa," akaniambia akiwa na furaha ya kweli, "ile hadithi yako imetuokoa."

"Imewaokoa na nini?"

"Tunatafuta musimamizi wa wahesabuji. Alikuja mzee mumoja anafundisha huko Punia, barua ya mukono, mwandiko kama wa kitabu. Muntu wa Kibombo. Ameandika mwenyewe kazi ya zamani: kuhesabu nyumba Kindu wakati wa vita. Nikasema, huyu njo ule wa mama profesa. Nikamutia wino mwekundu."

"Wino mwekundu maana yake nini?"

"Maana yake tutamusikiliza Alhamisi kwa heshima, kisha tutachukua mwingine."

Ilikuwa Jumamosi. Mtu mwenye dhamira angesema pale pale, kando ya maji, samaki wakinuka. Mimi nilimwambia nimechelewa. Nilikwenda nyumbani nikaandika barua. Rasimu ya kwanza ilisema kosa lilitokea. Nilipoisoma niliona kosa limetokea lenyewe, kama mvua. Rasimu ya pili ilieleza hali ya vita, ndege, haraka na mfumo mbaya wa fomu, kurasa tatu, na jina langu halikuonekana hadi mwisho, tena karibu na neno "pia". Ya tatu niliiandika Jumanne: mistari minne. Jedwali ni langu. Makundi ni yangu. Aliniuliza nikamnyamazisha. Alifukuzwa nikinyamaza.

Jumatano nilimpelekea yule mwanafunzi wangu bahasha ofisini, nikamwambia pia kwa mdomo, nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakukumbuka kunipa kiti alipokuwa ananisikiliza.

"Lakini mama," akasema polepole, "sisi wote tulicheka."

"Ndiyo."

"Miaka yote ile."

"Ndiyo. Ipeleke barua kwa wenzako kabla hawajakaa naye."

Akasema ataipeleka. Hakuniita tena mama profesa nilipoaga.

Alhamisi ilipita bila habari. Ijumaa, mchana, nilikuwa nasahihisha mitihani kibarazani, wanafunzi arobaini wakinithibitishia kwamba wanajua saba inakaa wapi, simu ikalia kwa namba nisiyoijua.

"Dada, njo mimi."

Sauti ilikuwa imezeeka kuliko nilivyotarajia. Nikasema asalaam aleikum, kwa kuwa nilikumbuka nyumba yao ni ya Waislamu. Akaitikia yote, kwa ukamilifu, hakunipunguzia.

"Jana niliona wanafunzi wako," akasema. "Walinieleza kosa langu vizuri sana. Unafundisha vizuri."

"Nimeandika barua..."

"Ngoja kwanza. Niliwaomba chaki. Nilikuwa na daftari langu la wakati ule, zile namba sitini, moja moja, vile tulivyoziandika kwa magoti. Nyumba za wanne, tano. Nyumba za saba, sita. Nikawaandikia ubaoni. Nikawauliza, tano na sita ni ngapi? Mumoja akavua miwani."

"Uliliweka daftari miaka yote?"

"Lilikuwa na kurasa tupu. Punia kule, daftari halitupwi."

Nikamuuliza alijua lini. Akasema mwaka wa pili huko, alipokuwa akifundisha darasa la sita, akawachorea watoto makundi yale yale kwa kuwa ndiyo aliyoyajua, na msichana mmoja akanyoosha mkono: mwalimu, saba inaingia wapi? Aliwapa watoto mapumziko siku ile kabla ya saa.

"Mbona hukuniambia?" nikasema. Ninaandika swali hilo hapa ili lisomwe jinsi lilivyo.

"Nikuambie nini? Wewe si ulikuwa unajua?"

Nilisikia pikipiki upande wake, na mtu akimwita mwalimu.

"Mama alikufa mwaka wa tano," akasema. "Nilimuandikia mara nyingi kwamba sikuiba. Alinijibu kwamba amenisamehe. Unaelewa? Amenisamehe."

"Ninaelewa."

"Haya. Barua yako walinionyesha mwishoni, tukishamaliza. Bahasha ilikuwa bado imefungwa: yule kijana wako wa pikipiki aliiacha kwa kiongozi wao akaenda kazi ingine, na kiongozi alikuwa amesahau kuifungua. Akaniuliza kama ninataka isomwe. Nikasema hapana haja. Kazi nimepewa, nimesaini leo asubuhi. Nimekupigia ili usije ukafikiri njo wewe uliyenipa."

Nikamwomba anisamehe. Akasema ana wahesabuji kumi na wawili wanaomngoja, bado hajawaonyesha namna ya kuuliza kwa punje, akakata.